Kipande Nambari Arobaini na Saba

Saa nane usiku, Tampere, theluji dirishani,
Ilmari anaweka chini kibano,
anavuta pumzi, anaizuia:
stika ya mwisho imekaa, haikujikunja.

Ndege imekwisha.
Miezi saba, na sasa imesimama juu ya gazeti la jana,
mabawa hayazidi kiganja,
ukiipuliza propela inazunguka.

Alidhani atapiga kelele.
Alidhani angalau atamwamsha Aune.
Badala yake anabandua gundi iliyomkaukia kidoleni,
anaigeuza ndege huku, anaigeuza kule,
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani
na mama mtu hakusema atarudi lini.

Kisha anafuta meza. Anafunga vikopo vya rangi:
kijivu, kijani, ile ya fedha iliyomtesa tangu Oktoba.
Anakung'uta boksi,
na kitu kinaanguka, ti!
Kipande nambari arobaini na saba.
Kiti cha rubani.

Kioo kimeshagandishwa. Ndani, usukani unamngoja
mtu ambaye hata akija atakaa hewani.

Hapo ndipo kicheko kinapomtoka,
cha tumboni, hadi Aune anauliza kutoka chumbani kuna nini.
"Imekwisha."
"Basi njoo ulale."
"Naja."

Anakitia kile kiti mfukoni mwa pajama,
anazima taa,
anaiwasha tena,
aangalie tu.