Ukurasa wa Nne

Ukutani, pale Ntinda, ghorofa ya tatu,
wameandika kwa rangi ya chungwa: SISI NI FAMILIA.
Herufi ya mwisho ilibanduka mvua za Machi,
sasa inasomeka FAMILI,
na hakuna aliyetumwa kuirudishia mkia wake.

Chini ya maneno hayo ipo meza ya mpira wa vijiti.
Iliagizwa Nairobi, ikapandishwa ngazi na vijana wanne
mwezi uleule tulioomba betri za seva
tukaambiwa fungu limekauka.
Meneja wetu, Katungi, alicheza siku ya kwanza.
Akajifunga mwenyewe. Tukampigia makofi.

Mimi ni mlinzi wa usiku wa mashine.
Simu ya zamu hulala nami kitandani;
Nabwire, mke wangu, huiita mke mwenza.
Umeme ukikatika Ntinda saa nane za usiku,
huko Mbarara dereva wa lori la maziwa halipwi,
huko Arua mama amesimama mbele ya duka la dawa
simu mkononi, akibonyeza, akibonyeza,
na mimi niko juu ya boda, shati nimelivaa kinyume,
nakwenda kuwasha jenereta isiyo na mafuta.

Apolot alisema.
Alisema kwa mdomo, akasema kwa maandishi,
akachora na picha: hapa ndipo tutakapoanguka.
Akajibiwa kwa kikatuni cha dole gumba.

Tulianguka hapohapo.
Asubuhi tukaitwa kwenye chumba cha vioo.
Katungi hakuuliza "nini." Aliuliza "nani."
Nilitazama viatu vyangu. Wandera akatazama vyake.
Byarugaba, ambaye hajawahi kukosa la kusema,
akagundua kwamba kalamu yake ina kifuniko.

Ijumaa Apolot akapewa barua ya mistari mitano,
wa mwisho ukimtakia heri "kutoka kwa familia."
Akashinda kutwa akiandika makabidhiano,
kurasa kumi na moja, safi kama gauni la Komunio ya kwanza.
Katungi alitia sahihi akiwa ameegemea mlango,
macho kwenye simu.

Leo, wiki ya sita, seva kuukuu imejifunga.
Inadai neno la siri, na kila mtu anamtazama mwenzake.
Wateja elfu arobaini wanangoja.
Jasho limemchora Katungi ramani mgongoni.
"Mpigie wewe," ananiambia. "Wewe ulikuwa mtu wake."
Mtu wake. Likanikwama kooni kama mwiba wa ngege.

Simu inaita Soroti.
Nyuma yake nasikia karanga zikimiminwa juu ya turubai,
mtoto anacheka.
"Habari za huko? Nabwire mzima?" Apolot hana haraka.
Namweka kwenye spika. Chumba kimeshika pumzi.
"Ukurasa wa nne," anasema. "Si alitia sahihi?"
Halafu: "Kuku wananimalizia karanga. Haya, kwaheri."

Faili likatafutwa makabatini, likatafutwa garini kwa Katungi.
Likapatikana chini ya meza ya mpira,
limekunjwa mara mbili, limetiwa chini ya mguu mfupi
ili meza isiyumbe.

Herufi ishirini na mbili. Seva ikaamka.
Watu wakakumbatiana. Katungi akapangusa paji la uso,
akanyoosha kidole ukutani:
"Hii ndiyo maana ya familia."

Nami nilipiga makofi.
Sikuwaambia kwamba ukurasa ule niliusoma
Jumatatu ile ya kwanza, usiku, peke yangu,
kabla sijauinua mguu wa meza
na kulisukuma faili chini yake, taratibu.
Neno la siri nilikuwa nalo ulimini tangu alfajiri,
nikilimung'unya kama peremende,
nikaacha saa nne nzima zipite
ili nimtazame akitokwa jasho.

Lilikuwa tamu. Sitasema uongo, lilikuwa tamu,
mpaka nilipomkumbuka yule mama wa Arua
mbele ya duka la dawa,
akibonyeza, akibonyeza.