Mti Wenye Ndoano

Maji ni yaleyale. Nilitoka Kisumu na wazo hilo,
kwamba ziwa ni moja, na huku nitakuwa kama nyumbani.
Wiki ya pili suruali yangu ikatoka dirishani
bila mimi ndani yake,
na mshahara, na pasipoti, na ufunguo wa karakana.

Mama Nkwimba hakushangaa. Alicheka kwanza,
kisha akanionyesha mkwaruzo kwenye nondo.
"Wamekuvua, Odera. Kama sato."
Mti mrefu, msumari uliokunjwa, subira.
"Na wewe unalala dirisha wazi, eti joto!"

Basi nikajifunza Mabatini.
Kitanda mbali na ukuta. Noti kwenye soksi, soksi kwenye sufuria.
Nikienda Mwaloni, begi hukaa kifuani kama mtoto mgonjwa,
na mtu akiniuliza saa
namtazama mikono kabla ya uso.
Hata mwewe wa Kirumba, aliyenipokonya sambusa,
nilimhesabu kati ya wenyeji.

Dirishani nikafunga mkebe wa maziwa wenye vizibo vya soda.

Mkebe ulilia usiku wa Jumapili, umeme umekatika.
Niliudaka mti gizani. Nikavuta. Ukavutwa.
Tukabaki hivyo, mimi na mtu nisiyemwona,
kila mmoja na ncha yake,
jasho langu likiteleza kwenye mwanzi.
Akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kitoto.
"Kaka, niachie. Mti wenyewe wa kuazima."

Neno lilikuwa tayari mdomoni.
Silabi mbili tu, na mlima mzima ungeamka.
Nami nimeona, pale chini kwenye mtaro,
kazi ambayo neno hilo hufanya,
na mji huu, jamani, haujawahi kupungukiwa mawe.

Nikalimeza. Lilikuwa na miba.
Lakini mti sikuuachia.

Nikasikia miguu ikishuka, jiwe hadi jiwe,
bila viatu, haraka, ikijua njia.

Asubuhi Mama Nkwimba alikuta soksi zangu
zimeanikwa uani juu ya mwanzi mgeni.
"Huu umeutoa wapi?"
"Nimevua."
Akautazama msumari. Akanitazama mimi.
Akaniongezea uji, wala hakuuliza tena.

Siku hizi, penye umati, mtu akikohoa
mkono wangu hukimbilia mfukoni.
Macho hufuata baadaye,
yakitafuta kimo cha mtoto.