Samaki wa Nabintu

Ndoano yangu ina mpini wa mita nne.
Kazi yangu ni kuvua visivyoliwa:
chupa, ndala za mguu mmoja, mifuko myeusi,
na siku moja kichwa cha mwanasesere
kilichonikodolea macho kana kwamba namdai.
Hapa ndipo ziwa linapojibana kuwa Ruzizi,
na kila kilichotupwa Kadutu wakati wa mvua
hufika kwenye chujio la mtambo
bila kuuliza njia.

Mwezi wa tatu binti yangu aliniambia, "Papa,
usizichome. Niletee."
Kiroba cha kwanza, mama yake alinuna.
Cha tano, jirani Cirhuza akauliza kama tumefungua duka.
Nabintu alikata, akayeyusha kwa mshumaa, akashona kwa waya,
vidole vikatoka malengelenge,
hadi sambaza mmoja akaota katikati ya ua.
Sambaza! Yule ambaye kumi wanatosha kiganjani,
sasa mrefu kuliko mtumbwi,
magamba ya vizibo, mdomo wazi.
Tumboni hakuweka kitu.
Nilimwuliza kwa nini.
"Watu watajaza wenyewe."

Jumamosi, ukumbi wa parokia, saa kumi na mbili jioni.
Nilikuwa nimepiga shati pasi, nimekaa mstari wa pili,
simu ikalia:
mtambo namba mbili umekabwa koo, njoo.

Nikateremka na shati lile lile.
Giza tulipishana njiani,
lenyewe likipanda, Muhungu, Nyawera, Kadutu,
nikajua kule ukumbini taa zimezimika
juu ya neno lile lile alilokuwa analisema.

Wanasema hakuna aliyetoka.
Waliwasha tochi za simu, wakaziingiza tumboni mwa samaki,
na ukuta mzima ukawa ziwa,
kijani, buluu, wekundu wa vizibo vya soda,
likitetemeka kwa kutetemeka kwa mikono.
Mama mmoja muuza juisi
alikitambua kizibo cha aina anayouza.
Alikigusa. Akarudisha mkono ndani ya kitenge.

Mimi sikuona.
Nilikuwa na maji kiunoni, ndoano inavuta,
chujio linakoroma kama mzee mwenye pumu.
Tulitoa viroba thelathini na moja, kisha tukaacha kuhesabu.

Saa nne na nusu umeme ukarudi.
Mji ukawaka nyumba kwa nyumba,
na kule juu mtu mmoja akashangilia, halafu wengi.
Walishangilia taa. Mimi nilijidai kidogo.

Hata kelele hazijaisha,
chupa nyingine ikaja polepole juu ya maji,
kizibo kimekazwa,
ndani pumzi ya mtu aliyekunywa leo.
Nikaitia kwapani, juu ya shati lililokuwa la pasi.
Nabintu atakuwa hajalala.
Ataniuliza nimeonaje,
na mimi sina jibu,
nina hii tu.