Usiku wa Kumi na Nne

Vijana walitoka katikati ya filamu wakisonya.
"Yuko wapi huyo mbwamwitu? Shilingi hamsini
kutazama mwanamke akichagua mchele!"
Viti vya plastiki vikabaki wazi. Nikabaki mimi,
na Bi Zeituna, na mjukuu wake aliyelala.

Kwenye shuka lililotundikwa ukutani, hapa Langoni,
Barke anaamka. Anafagia ua.
Kwenye ufagio, manyoya ya kijivu.
Anayakunja ndani ya gazeti
kama mtu anayeficha nywele za kitana
asije ndege akazijengea kiota.
Kisha anateleka chai.

Ni mpiga piko. Kama mimi.
Kijiti alikishika vibaya, nikacheka peke yangu;
lakini alipoinuka baada ya mkono wa sita,
mgongo ule haukuigizwa.

Mwezi kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano,
hatii kitu kinywani. Mtaa unamsifu:
mwana wa Mwanapwani kafunga masiku meupe, mashallah.
Kumbe anaogopa nyama ikinukia.
Jirani anamletea bakuli la futari,
hajui amebisha mlango gani.
Punda wanajua. Wakifika kichochoroni kwake
hukita kwato wasisogee,
na mchukuzi wa mchanga huwatukana bure.

Mnyama mwenyewe? Dakika nne.
Kivuli. Kucha zikikwaruza boriti.
Mbuzi mmoja.

Halafu asubuhi, na hapo ndipo nilipoinama mbele:
ameketi kizingitini na njiti ya ukuti
anachokoa damu chini ya kucha, moja moja,
maana saa tatu ana bibi harusi
na mteja hutazama mikono yako kwanza.

"Mbona kiganja chako kina moto hivi?"
"Ni ndimu ya hina, mwanangu. Tulia."
Anaendelea na ua lake, jani, jani, kikonyo.

Hakuna aliyemuua. Hapakuwa na risasi wala mganga.
Filamu iliisha akidai mia tatu zake
kwa mama wa bibi harusi, akiambiwa kesho.

Nilirudi kwa njia ya nyuma. Mwezi wa kumi na mbili,
kama kitumbua kilichong'atwa pembeni.
Paka wa sokoni walinipisha,
na paka wa sokoni hawampishi mtu.
Nilichekecha hina, nikakamua ndimu.
Kesho nina mikono minane, Mkomani,
na mama yake Bahiya hajanilipa
ya mwezi uliopita.