Kabla Kinanda Hakijarudi Limbani

Kesho baada ya alfajiri Faki anakuja na baiskeli
kuchukua kinanda chake.
Usiku huu kompyuta ina vijisanduku tu,
vya kijani, vimejipanga,
kila kimoja kinasema lini, wapi, kwa nguvu gani,
hakuna hata kimoja chenye koo.
Midi haiimbi. Midi inaamrisha,
na mwenye kuamrishwa anaondoka kesho.

Nimechomeka waya, mmoja kulia, mmoja kushoto,
nimebonyeza kitufe chekundu, nimekaa kitako.
Njia ya mkato hakuna: dakika sita za wimbo
ni dakika sita roho mkononi.
Tukuza imebaki yuniti moja na kidogo.
Mama kasema nisiwashe feni. Sijawasha.

Funguo hazijaguswa na mtu, kinanda kinalia.
Ni vidole vya Mkasi, vya mwezi wa Shaabani,
kabla hajapanda boti kwenda kusomea uuguzi.
Ubeti wa tatu, pale, kidole gumba kimechelewa.
Kukinyoosha ni kuburuta tu,
upana wa unywele.

Sikunyoosha.
Sasa kosa limeshageuka sauti,
halitoki tena,
kama harufu ya karafuu kwenye jamvi.

Taa imepepesa, haikuzima.
Nimehifadhi. Nimehifadhi tena kwenye fleshi.
Nimekifuta kinanda vumbi, funguo nyeusi kwanza,
nikakizongoa kwa kanga kuukuu ya mama,
na nilipokaza fundo
ufunguo mmoja ukabofyeka humo ndani,
kimya,
sijui ulikuwa upi.