Rangi ya Milango Miwili

Tangu gazeti lifungwe, najitegemea:
kamera mbili, lenzi tatu, moja ina ukungu pembeni,
na mkoba uliokwisha kunichonga bega la kushoto.
Jumamosi napiga arusi.
Siku nyingine, bila kupanga, napiga marehemu:
mjane huja na picha ndogo ya kitambulisho,
nami namsafisha mumewe, namnyoosha kola,
namfuta mhuri shavuni,
ili fundi wa mawe amchore kaburini na uso mzima.
Hapa Kutaisi ndivyo tunavyowalaza watu wetu,
wakitutazama.

Sasa nataka kadi. Nataka kibao. Nataka rangi.

Mpwa wangu Rezo ana miaka kumi na tisa na majibu yote.
"Bluu ni uaminifu," asema, "nyekundu huamsha njaa,
dhahabu ni ya wenye nazo."
Amenipangia viraka hamsini kwenye kompyuta,
kila kimoja na namba yake kama mfungwa.
Nikamuuliza: ipi katika hizo
nitampa bibi arusi mlangoni Jumamosi,
na Jumatatu nimpe aliyefiwa
asidhani namcheka?
Rezo akajikuna kidevu kisicho na ndevu.

Nikazijaribu mwenyewe, usiku, moja moja.
Waridi: mjane atanifungia mlango.
Nyeusi: mama wa bwana arusi atatema mate chini.
Kijivu ni jivu tu, hata ukikivisha suti.
Manjano yananukia jikoni.
Zambarau niliipenda siku mbili,
ya tatu nikaiona kwenye bango la daktari wa meno.
Mchagua jembe si mkulima,
na mimi wiki ya tatu nachagua,
sijapiga picha hata ya paka.

Septemba, jirani yangu Tsiala akaniita tumenye jozi.
Jozi mbichi ina ganda la kijani, laini, la uongo:
ukilimenya linakuachia maji mkononi,
na kabla ya jioni maji yale yamekuwa kahawa,
kisha chai iliyosahauliwa jikoni,
kisha kitu ambacho sikijui jina.
Nilisugua kwa limau, kwa sabuni ya kufulia, kwa mchanga.
Nikalala nayo.

Wiki ile nilipiga arusi ya binti wa mwokaji.
Katika picha moja mkono wangu umeingia, unanyoosha shela,
vidole vyeusi juu ya kitambaa cheupe.
Nilitaka kuukata. Bibi arusi akakataa:
"Uache. Ndio msimu wenyewe."
Kesho yake nikampelekea Bi Nargiza picha ya mumewe.
Hakuitazama kwanza. Alinishika vidole.
"Na yeye alikuwa hivi kila vuli," akasema.
"Tulimzika Oktoba. Hatukuweza kumtakatisha."

Nikaenda kwa Jumberi mchapaji,
nikaweka kiganja juu ya meza yake.
"Hii."
Akavaa miwani, akakigeuza kiganja, akakirudisha.
"Hii haimo kitabuni mwangu."
Alijaribu mara tatu.
Ya kwanza ikatoka nyekundu, damu ya mzee kabisa.
Ya pili, matope ya Rioni baada ya mvua.
Ya tatu karatasi ilikunywa wino kwa pupa,
pembe moja ikakolea kuliko nyingine.
Pesa zangu zikaishia hapo.
Nikachukua ya tatu, kadi mia mbili.

Rezo asema inafanana na doa.
Ni doa, nikamwambia.

Novemba mikono ilitakata, sikuona ni siku ipi.
Asubuhi nyingine, kabla simu haijalia,
naweka kadi juu ya kiganja
na sikumbuki tena
kama ilikuwa hivi hivi,
au ilikolea zaidi kidogo.