Jicho Moja ni Samaki Mzima

Jina lake aproni,
na si ile ya jikoni yenye madoa ya mchuzi.
Huyu ni samaki, urefu wa shibiri, rangi ya changarawe.
Hana kibofu cha hewa, haelei;
huruka-ruka chini kama mtoto aliyetiwa miguu guniani
kwenye mashindano ya shule.
Mchana humwoni hata ukikaribia kumkanyaga.
Usiku ukimmulika, macho yake hukujibu.

Ndivyo tulivyomhesabu, Agosti, mto Loue ukiwa magotini,
sisi sita kwa mstari, ukingo hadi ukingo,
kurunzi vichwani, suruali za mpira hadi kwapani
(yangu ilivuja tangu hatua ya kwanza, nikanyamaza).
Bertille katikati, daftari shingoni, na penseli,
maana wino na maji haviivi chungu kimoja.
"Taratibu. Tunapanda mkondo
ili tope tunalolitimua libaki nyuma yetu."
Fulgence, tarishi wa miaka thelathini na mitatu,
alitembea mtoni kama anayetafuta namba za nyumba.

"Mmoja!"
Kisha maji tu.
"Mwingine hapa, ametazama kando, naona jicho moja.
Bertille, jicho moja ni samaki mzima?"
"Mzima. Hatuandiki nusu."

Tukafika kumi na saba chini ya ukuta.
Kumi na saba! Fulgence akapiga mluzi.
Walikuwa pale kwenye povu, vichwa vyote vimeelekea juu,
kama watu mbele ya dirisha la ofisi
lililobandikwa karatasi: Narudi Sasa Hivi.

Ukuta huo ni wetu.
Babu wa babu yangu aliujenga ulishe kinu maji;
baba aliziba nyufa zake kila Machi, hadi Machi aliyokufa,
na kinu hakijasaga hata kibaba tangu nizaliwe.
Jina la Vuillermoz bado liko mlangoni, rangi ya bluu,
herufi mbili za mwisho zimeliwa na mvua.

Tukauzunguka kwa kando, tukawashwa na majani.
Juu yake maji yamelala, mazito, vuguvugu,
chini tope kama uji uliosahauliwa.
Mita mia nne tulitembea.
Bertille akaandika sufuri. Akaandika sufuri.
Baadaye akaacha kuuliza,
akawa anageuza taa yake isinipate usoni.
Hakuna aliyetaja ukuta. Hata Fulgence,
ambaye hutaja kila kitu.
Adabu yao ndiyo iliyoniuma.

Kujitolea: neno hilo nilikuwa nalitamka upesi mno.
Nilidhani ni kutoa usiku mmoja, mgongo, soksi kavu.
Sikusikia kwamba ndani yake nimo mimi,
na nyuma yangu mawe yote yale.

Saa nane usiku nilikuwa jikoni, nadondosha maji sakafuni,
mbele yangu barua ya Februari kutoka ofisi ya mto:
wanaomba ruhusa, wabomoe, gharama juu yao,
mwenye mali atie sahihi hapa.
Mama akashuka, amejifunga aproni juu ya gauni la kulalia,
ya jikoni hii, ya madoa.
"Wangapi?"
"Kumi na saba chini."
"Na juu?"
Nikachezea kikombe.
Alikaa. Akasema baba aliwahi kumnasa mmoja kwa ndoana,
akamrudisha majini, akaja nyumbani kimya,
na alipoulizwa akajibu tu: ana uso wa mtu anayesubiri.
"Mwaka gani?"
"Wewe ulikuwa hujaota meno."
Na bado kila Machi alichanganya saruji.

Mfukoni nikakuta penseli ya Bertille.
Nikatia sahihi.
Mama akaisogeza karatasi chini ya taa, akaisoma jina kwa jina,
akafuta kidole kwenye aproni,
akavuta mtoto wa meza, akapekua kamba, mishumaa, funguo za kinu.
"Wino," akasema,
akanipa kalamu ya baba.